Wateja wa kukarabati nyumba zilizoingiwa maji
Mafundi bomba kwanza, matangazo baadaye. Bomba likipasuka wao ndio huitwa mwanzo, na mwenye nyumba huwauliza hapo hapo nani wa kukausha na kurekebisha. Jenga urafiki nao, kisha pokea simu hata saa nane usiku: ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48, hivyo anayewahi ndiye anayepata kazi, hata kama si wa bei ya chini.

Kabla hujagusa kitu piga picha: alama ya maji ukutani, futi kamba kando yake, na usomaji wa kipima unyevu chumba kwa chumba. Mwenye nyumba aliye na bima atazihitaji kwa mkadiriaji hasara, yaani anayepima uharibifu kwa ajili ya fidia ya bima. Nyumba nyingi za Dar hazina bima, basi picha hizo hizo (kwa ruhusa ya mwenyewe) weka status ya WhatsApp zikutangaze.

Kinachoua jina ni kupaka rangi plasta ikiwa bado mbichi. Inavimba, chumvi nyeupe inatoka, inabanduka, na mtaa mzima unajua fundi ni nani.