Chai ya kijani haimkingi mtoto na mzio wa chakula

Mama mwenzangu wa Malindi, umeuliza hivi: mtoto wako ametimiza miezi sita, dada yako huvimba midomo akila kamba, na umesoma kwamba viambata vya majani ya chai huzuia mzio wa chakula. Sasa unataka kumpa mtoto vijiko vya chai ya kijani kila asubuhi. Nakuomba usimpe. Mimi niko Lamu, mwanangu wa kwanza ana mzio wa korosho, na jambo hili nimelifuatilia sana kwa madaktari na kwa kusoma.

Ulichosoma kina msingi. Jani la chai lina polifenoli, na zinazotajwa zaidi ni katekini, hasa ile iitwayo EGCG. Mzio huu wa kuvimba huanza pale mwili unapotengeneza kingamwili za IgE dhidi ya protini ya chakula fulani. Kingamwili hizo hujibandika kwenye seli zilizojaa histamini, kemikali ya mwili inayoleta uvimbe na muwasho. Protini ile ikiingia tena, seli humwaga histamini, ndipo unaona vipele, midomo kufura, kutapika na pumzi kubana. Maabara, EGCG imeonekana kupunguza umwagaji huo. Wajapani wameichunguza chai yao ya Benifuuki kwa watu wanaosumbuliwa na chavua.

Lakini katekini inayotoka tumboni ikafika damuni ni kidogo mno. Tena, kumtuliza mtu ambaye tayari ana mzio ni kazi moja, na kumzuia mtoto asiupate ni kazi nyingine kabisa. Na majani meusi tunayopika kila siku, katekini zake nyingi zimeshageuka viambata vingine, theaflavini na thearubijini, kiwandani.

Kwa mtoto wa umri huo chai ina madhara. Polifenoli hizohizo hushika madini ya chuma ya chakula tumboni, yasifyonzwe. Akiba ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto huwa inapungua sana miezi hiyo, na akikosa nyingine anapungukiwa damu. Ongeza kafeini. Najua huku pwani mtoto huchovyewa mkate kwenye strungi na bibi yake kwa mapenzi, na bibi hakatazwi kwa ukali. Mpe yeye bakuli la uji amlishe mjukuu wake.

Kinachokinga, kwa ushahidi mzito, ni chakula chenyewe. London lilifanyika jaribio la watoto 640 wenye pumu kali ya ngozi (ukurutu, ngozi kavu inayowasha) au mzio wa yai, walioanza wakiwa na miezi 4 hadi 11. Nusu walilishwa njugu (karanga) mara kwa mara, nusu wakanyimwa mpaka miaka mitano. Matokeo yalitoka 2015: waliolishwa walipata mzio wa njugu pungufu kwa takriban asilimia 80. Tumbo la mtoto huufundisha mwili kukizoea chakula. Ngozi iliyochanika kwa pumu, ikiguswa na vumbi la chakula hichohicho, huufundisha kukipiga vita.

Wangu wa pili alikuwa na pumu ya ngozi, kwa hiyo daktari alimpima kwanza. Aliporuhusu, nilianza na yai lililoiva vizuri, kisha njugu zilizosagwa laini kabisa nikazikoroga kwenye uji wa mtama. Njugu nzima usimpe, zitamkaba. Chagua zisizo na kuvu, maana kuvu huleta sumu ya aflatoksini. Nilianza na ncha ya kijiko, asubuhi, mtoto akiwa mzima, ili nipate mchana kutwa wa kumwangalia. Kisha usiache: chakula alichokikubali kirudi sahanini kila wiki.

Wa kwanza alipokula kashata ya korosho akavimba, jirani alileta strungi ya tangawizi akisema itamtuliza. Nilikataa, koo linalofura halitiwi kitu. Tulimkimbiza hospitali, akadungwa adrenalini pajani, pumzi ikafunguka. Hiyo ndiyo dawa ya hali ile. Vidonge vya kuzuia histamini hupunguza kuwashwa tu, havishiki nafasi yake.

Dada yako naye aende akapimwe. Protini inayowadhuru wengi kwenye kamba, tropomiosini, haiharibiki kwa kupikwa, na imo pia kwenye kaa na kambakoche. Mzio wake kwa kamba haumaanishi umnyime mtoto vyakula.

Hukusema kama mtoto ana pumu ya ngozi au aliwahi kutoka vipele baada ya kula. Kama anayo, au aliwahi, njugu na yai zisubiri mpaka daktari wa watoto amwone. Niandikie hilo kwanza.