Mteja wako si mtu mgumu: kwa watafsiri wapya wanaopelekeshwa na "difficult to"

Wanagenzi, rasimu zenu zimesomwa. Tunawapenda, na kalamu nyekundu imekwisha wino. Mteja anaandika kwa Kiswahili safi kabisa kwamba anapata ugumu kuelewa mkataba, nanyi mnampeleka ng'ambo akiwa anasema "I am difficult to understand this contract." Kosa hili lina mvi kuliko sisi wote. Haya yafuatayo yasomwe kabla ya rasimu nyingine kuletwa.

1. Jiulize ni nani anayetenda.

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo mnapoanguka wengi.

Ukisema kwa Kiswahili "mwanafunzi huyu ni mgumu kuelewa", kila mtu anajua una maana somo halimwingii. Anayeelewa, au anayeshindwa kuelewa, ni yeye mwanafunzi. Igeuze neno kwa neno iwe "This student is hard to understand" na umebadilisha kesi nzima: sasa mwanafunzi ni hodari labda, ila ananong'ona, au anaongea kwa mafumbo, na wanaoshindwa kuelewa ni wengine. Kiingereza baada ya "hard to", "difficult to", "easy to" na "impossible to" hukichukua kiima cha sentensi (anayetajwa mwanzoni) na kukifanya yambwa (mtendwa) ya kile kitenzi kinachofuata. "This student" hapo ndiye anayeeleweka au asiyeeleweka.

Kipimo ni hiki. Chukua kiima, kihamishe hadi baada ya kitenzi, usome: "understand this student". Kama hicho ndicho ulichokusudia, endelea. Kama sicho, vunja sentensi uanze upya na "It is difficult for this student to understand", au "This student finds it hard to understand". Sasa ipime ile sentensi ya mkataba: "understand I this contract". Umeona? Nafasi ya yambwa imeshakaliwa na mkataba, halafu "I" anahangaika mlangoni hana pa kukaa.

Kinachowachanganya ni kwamba vivumishi vingine vya Kiingereza vinafuata njia yetu. "Slow to learn", "quick to answer", "reluctant to pay", "eager to help": hapo kiima ndiye mtenda, kama kwetu. Kwa sura "slow to learn" na "hard to learn" ni mapacha, lakini la kwanza husemwa juu ya mtu na la pili juu ya somo. Mwanaisimu Noam Chomsky aliufanya mgogoro huu uwe maarufu miaka ya 1960 kwa jozi ya sentensi mbili, "John is easy to please" na "John is eager to please". Katika ya kwanza John anafurahishwa, katika ya pili anafurahisha.

Na ili msijione wajinga peke yenu: Carol Chomsky, naye mwanaisimu, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1969, aliwaonyesha watoto wanaokua na Kiingereza mwanasesere aliyefungwa kitambaa machoni, akawauliza kama ni rahisi au ni vigumu kumwona. Wadogo wengi walijibu kwamba ni vigumu, kwa sababu mwanasesere mwenyewe haoni. Basi nanyi mna umri wa miaka mitano wa Kiingereza. Mtakua.

Lawama nyingine ni yetu sisi tuliowatangulia. Sisi ndio tuliojaza daftari za istilahi kwa mistari kama "-gumu: difficult" tukafunga ukurasa, bila kuandika pembeni ni nani anayeubeba ugumu huo. Matokeo ndiyo barua zinazosema "I am difficult to meet you on Friday", ambazo msomaji Mwingereza anazipokea kama majivuno ya mtu asiyefikika ovyo. Mbaya zaidi ni "I am impossible to come." Kwa Kiingereza mtu anayeambiwa "You are impossible!" ni yule ambaye tabia yake imewashinda watu, hashauriki. Mteja wako alitaka kuomba udhuru tu. Andika "I can't come", inatosha.

2. Usiirudishe yambwa mara ya pili.

Kiswahili kinakuruhusu kusema "kitabu hiki ni kigumu kukisoma", lakini "This book is difficult to read it" ni kosa: futa "it".

3. Mnyambuliko wa kutendea haupotei, unahamia mwisho wa sentensi.

"Kalamu hii ni ngumu kuandikia." Mnaandika "This pen is hard to write", na mmeliacha lile "-ia" njiani. Barua ndiyo huwa "hard to write", kwa sababu ndiyo inayoandikwa. Kalamu ni "hard to write with". Tatizo ni kwamba kuandikia kwetu ni kumoja, na kwao kunapasuka vipande vinne: kalamu inadai "with", karatasi inadai "on", gazeti linadai "for", mtu unayemwandikia barua anadai "to". Kwa hiyo msitafute kihusishi kwenye kamusi, kitafuteni kwenye uhusiano wa kile kitu na kitendo. Kiti ni "sit on", jirani ni "live with", bosi ni "talk to".

Kuna mwalimu mahali fulani aliyewafundisha kwamba ni haramu sentensi ya Kiingereza kuishia na kihusishi. Msameheni, lakini msimtii. Ukitaka kuanza na "He", "He is difficult to work with" haina namna nyingine ya kusemwa bila kujikunja.

4. Kauli ya kutendwa haihitajiki: "hard to find", si "hard to be found".

5. Silabi "vi" ya "vigumu" ndiyo "it".

"Ni vigumu kukubali" ni "It is difficult to accept." "Tunaona vigumu kukubali" ni "We find it difficult to accept." Hiyo "it" haimtaji yeyote wala chochote, inashika nafasi tu kama "vi" yetu, lakini ukiiacha ukaandika "We find difficult to accept" sentensi inachechemea. Yambwa halisi ikiwepo, inakaa pale pale na "it" inaondoka: "We find these terms difficult to accept." Wale mliozoea kusema "ni ngumu kukubali", na siku hizi ni wengi, rekebisheni kwanza Kiswahili chenu kichwani, vinginevyo ujanja huu hauwafai.

6. "Have difficulty" haitaki "to".

"We had difficulty finding the office." Ukitaka urasmi, "in finding". Kukiwa na nomino, "with": "difficulty with the form". Ugumu wenyewe ukiwa ndio mada, "of": "the difficulty of finding an office". "Have trouble" na "have a hard time" nazo zinafuatwa na "-ing", ila angalieni vitu vidogo: "difficulty" na "trouble" hapa hazipewi "a" wala "s" ya wingi, wakati "a hard time" haikubali kuachana na "a" yake. Kukuza ni kwa "great difficulty" au "a lot of trouble". "Big difficulty" ifuteni mkiiona. Halafu, ili kuwavuruga, "struggle" yenyewe inataka "to": "We struggled to find the office."

7. "Hardly" haibebi maana ya "hard".

"They work hard" ni sifa. "They hardly work" ni barua ya kuachishwa kazi. Kwa mtu asiyesikia vizuri simuni, ni "I can hardly hear you", na hapo msiongeze "not", kwa kuwa ukanushi umeshaingia ndani ya neno.

8. "Hard pressed to" inakwenda kinyume na namba 1.

"You would be hard pressed to find a better price": hapa "you" ndiye atakayetafuta mpaka achoke, yaani kiima ni mtenda, ingawa "hard" imo na "to" imo. Kinachoamua ni "pressed", aliyebanwa. Mkikutana nayo, kipimo cha kuhamisha kiima kiwekeni kando.