Mume wangu amevunja kibubu, anasema kuweka akiba ni kukosa tawakkul

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Tanga. Mume wangu ni mvuvi, mimi nakaanga vitumbua na maandazi. Kila nikifunga biashara hutia shilingi elfu moja kwenye kibubu, siku ikiwa nzuri elfu mbili. Mwezi uliopita mume wangu alirudi kutoka kwenye muhadhara akasema wamefundishwa kwamba kuweka pesa ya kesho ni kukosa tawakkul, yaani kutomtegemea Mwenyezi Mungu, na wenye vibubu ndio watakaochomwa mapaji kwa pesa zao. Akakivunja kwa nyundo mbele ya watoto. Mlikuwa na laki tatu na themanini, akazitoa zote mchango wa ujenzi wa msikiti. Mwanangu anaingia kidato cha kwanza Januari, na pesa ya sare na godoro la bweni ndiyo ile. Je, nilikuwa natenda dhambi? Nikianza tena bila kumwambia, nitakuwa nimemkhini? Na wenzangu wananiita kwenye upatu, unafaa?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh.

Dada yangu, hukutenda dhambi yoyote. Ile elfu moja uliyokuwa ukiitenga baada ya kuosha karai ilikuwa na ujira, ukiwa umenuia kuwatunza wanao, na ninakuomba uendelee nayo. Swali lako limeniumiza, kwa sababu maneno aliyoambiwa mumeo nimekwisha yasikia kwingine, na hayawagusi wenye maghala. Anayeyabeba hadi nyumbani ni mtu wa kipato kidogo anayemcha Mola wake, na anayelipa gharama yake ni mkewe na watoto.

Aya aliyosomewa ni ya 34 katika Surat At-Tawba, inayowatishia adhabu wanaolimbikiza dhahabu na fedha wasizitoe katika njia ya Mwenyezi Mungu. Inayofuata ndiyo yenye kutaja mapaji, mbavu na migongo. Ni kweli, na inatisha. Lakini bedui mmoja alimuuliza Sahaba Abdullah bin Umar kuhusu Aya hii hii, na jibu lake limo katika kitabu cha Hadithi cha Bukhari: adhabu ni ya mwenye kulimbikiza asitoe zaka, na hukumu ile ilikuwa kabla zaka haijateremshwa; ilipoteremshwa, Mwenyezi Mungu akaifanya iwe ndiyo inayotakasa mali. Sasa tazama kibubu chako. Nisabu, yaani kiwango ambacho mali ikikifikia hulazimu zaka, ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, au gramu 595 za fedha kwa wanaohesabu kwa fedha, tena mali hiyo ikae mwaka mzima. Laki tatu na themanini haifiki hata kwenye hiyo ya fedha. Hukuwa unadaiwa zaka hata senti moja. Aya iliyoteremka kumtisha anayezuia haki ya maskini inasomwaje juu ya mama ambaye huenda yeye mwenyewe ndiye mstahiki wa zaka?

Najua watakaosema: na Abu Dharr je? Ndiyo, Sahaba Abu Dharr (r.a.) aliona kila kilichozidi haja ya mtu ni cha kutolewa, akahitilafiana na Muawiya, gavana wa Sham, na mwisho akaishi Rabadha, jangwani nje ya Madina. Tunampenda na hatumtaji ila kwa heri. Lakini rai yake hiyo haikufuatwa na Masahaba wengine, na maneno yake makali aliyaelekeza kwa wenye mali nyingi. Kuyachukua ukayashusha juu ya kibubu cha muuza vitumbua ni kumdhulumu Abu Dharr na kumdhulumu muuza vitumbua.

Kisha huletwa kisa cha Abu Bakr (r.a.) aliyeleta mali yake yote, akaulizwa amewaachia nini watu wake, akasema amewaachia Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Kisa ni sahihi. Ila mbona hawakisomi pamoja na cha Kaab bin Malik? Kaab, toba yake ilipokubaliwa baada ya vita vya Tabuk, alitaka kuitoa mali yake yote kwa furaha. Mtume (s.a.w.) akamwambia abakize sehemu ya mali yake, ndiyo heri kwake. Akabakiza fungu lake la Khaybar. Na Saad bin Abi Waqqas alipougua Makka, naye hana mrithi ila binti mmoja, alitaka kutoa theluthi mbili, akakataliwa. Akataka nusu, akakataliwa. Akaruhusiwa theluthi, na akaambiwa hiyo nayo ni nyingi, kwani kuwaacha warithi wako wakiwa wanajitosheleza ni bora kuliko kuwaacha mafukara wanaonyoosha mikono kwa watu. Mtume aliwajua Masahaba zake mmoja mmoja. Abu Bakr alikuwa mfanyabiashara mwenye yakini ya pekee, na alitoa chake. Mhubiri anayeamrisha umati mzima ufanye alichofanya Abu Bakr, hajui nani katika umati ule ana mtoto mgonjwa nyumbani, amejipa kazi ambayo Mtume mwenyewe hakuifanya.

Hadithi ya ndege, isemayo kwamba mkimtegemea Mwenyezi Mungu ipasavyo atawaruzuku kama anavyowaruzuku ndege, nayo wanaisoma nusu. Ndege wanaruzukiwa, ndiyo, lakini Hadithi inasema wanatoka asubuhi matumbo matupu na kurudi jioni yameshiba. Wanatoka! Nawe unatoka alfajiri na karai lako.

Kama akiba inapingana na tawakkul, tuseme nini juu ya Mtume (s.a.w.)? Umar (r.a.) amesimulia, na imo katika Bukhari na Muslim, kwamba alikuwa akiuza tende za mashamba ya Banu Nadhir, kabila la Mayahudi wa Madina, na kuwawekea watu wake chakula cha mwaka. Cha mwaka mzima! Ile Hadithi ya Anas kwamba hakuwa akiweka kitu cha kesho, wanazuoni wameieleza kuwa ni katika yaliyomhusu nafsi yake, familia aliiwekea. Na mwaka ambao watu wenye njaa waliingia Madina wakati wa Idi, alikataza nyama ya udhiya, ya wanyama wanaochinjwa Idi, isikae zaidi ya siku tatu. Mwaka uliofuata akawaambia waile nyama hiyo, watoe sadaka na waweke akiba. Sababu ya katazo ilikuwa njaa ya wageni wale, ilipoondoka likaondoka. Nabii Yusuf (a.s.) naye aliwaelekeza watu wa Misri waiache ngano katika masuke yake miaka saba, kwa ajili ya miaka saba ya dhiki.

Mvuvi anapaswa kuielewa Sura ile ya Yusuf kuliko sisi sote. Kusi ikivuma kwa nguvu vyombo vidogo vinalala ufukweni, na nyumba hula kilichowekwa wakati wa kaskazi.

Lakini jambo lililonishughulisha zaidi hukuliuliza. Pesa zile zilikuwa zako. Hukumu ya sheria yetu ni kwamba anachokichuma mke kwa jasho lake ni mali yake, na mume hana haki nacho ila kwa ridhaa yake. Hata mahari, Mwenyezi Mungu amesema katika Surat An-Nisaa 4 kwamba mume ale kile tu ambacho mke amempa kwa radhi ya nafsi yake. Matumizi ya watoto ni wajibu wa baba. Wewe ulikuwa ukimsaidia, na msaada huo ni sadaka yako. Kwa hiyo mumeo ametoa sadaka ya mali isiyokuwa yake, na sadaka haiwi hivyo, kwani Mwenyezi Mungu ni mwema, hapokei ila kilicho chema. Una haki ya kumdai. Ukipenda kumsamehe na kunuia pesa zile ziwe sadaka yako kwa msikiti, ujira ni wako, ila asikulazimishe mtu, wala usiambiwe kwamba kudai ni ubakhili.

Kuweka tena bila kumwambia si khiyana, maana huwi mkhini kwa mali yako. Akikuuliza usimwongopee, mwambie unayo na ni ya nini. Ningependelea ajue, kwa sababu siri ya pesa ndani ya nyumba huzaa dhana mbaya, lakini iweke mahali ambapo nyundo haifiki.

Upatu unafaa. Ni kukopeshana, na kila mmoja anapokea kiasi kile kile alichotoa. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mwanachuoni Qalyubi amemnukuu mwenzake wa kale, Waliyyuddin al-Iraqi, akiujuzisha mchango wa wanawake wanaotoa kiasi maalumu kila wiki au mwezi na kumpa mmoja baada ya mwingine. Tena huu ni wa wanawake, na ni wa zamani! Vikundi vinavyokopesha na kudai nyongeza ni riba, hata nyongeza ikiitwa faida ya kikundi, na hivyo jiepushe navyo.

Nawe nikuusie. Mtume (s.a.w.) alimwambia Amr bin al-As kwamba uzuri ulioje wa mali njema kwa mtu mwema. Wema wako na ubaki. Akiba ina hatari yake: mtu huanza kwa ajili ya watoto, kisha akawa anamwona jirani ana njaa na moyo wake uko kwenye kibubu. Katika kila elfu toa hata mia ukampe anayehitaji, uanze na ndugu zako. Na pesa ikiwa na kazi yake, sare au dawa, itumie siku ile bila kuumia.

Mumeo usimdharau. Aliyekivunja kibubu aliogopa Moto, na mtu wa namna hiyo akielezwa husikia. Msomee jibu hili, au aje tusome pamoja mlango wa matumizi ya familia katika Bukhari, mlango wangu uko wazi. Kaskazi haiko mbali. Akitenga kidogo katika kila mvuo anaouza, Januari itakuta sehemu kubwa ya deni lako imerudi, na mtoto ataingia bweni na godoro lake.

Wallahu aalam.