Umechomeka RV (nyumba ya magurudumu) kwenye jenereta iliyofungwa vibaya? Pima kwanza, usikimbilie dukani

Mkuu, pole. Umesema jenereta ni ya mtumba, ulipochomeka tu ukasikia harufu ya kuungua, mikrowevu ikazima, ila taa zinawaka kwa hiyo huenda mambo si mabaya. Yalinikuta hayohayo Texas, mwaka wa kwanza wa kuzunguka na hii nyumba ya magurudumu. Taa zisikudanganye. Zile ni za volti 12, zinakula betri. Zangu ziliwaka usiku kucha, kesho yake jioni zikawa kama koroboi, ndipo nikajua konvata inayochaji betri ilikufa tangu jana yake.

Zima jenereta, chomoa RV. Halafu washa jenereta peke yake, pima soketi kwa multimita (kipima umeme), vidole vikae kwenye plastiki ya vishikio vyake. Huku Marekani plagi ya RV ya ampea 30 ina laini (waya wa moto) moja tu, kwa hiyo laini kwa nyutro (waya wa kurudisha umeme) isome kama volti 120. Yangu ilisoma 243. Nikasema mita mbovu hii, nikaibadilishia betri, ikasoma vilevile! Nikazima jenereta, nikafungua mfuniko. Soketi ya awali ilikuwa ya matundu manne: laini mbili, nyutro na erthi. Aliyeniuzia alitaka ya matundu matatu, basi waya mwekundu, yaani laini ya pili, akaupachika pa mweupe, yaani pa nyutro. Kila laini kwa nyutro ni 120, laini kwa laini ni 240, na zote 240 ziliingia ndani kwangu. Breka hata haikuruka, nikaitukana bure. Yenyewe inaangalia ampea, habari ya volti haiijui.

Laini kwa erthi ikikupa namba za ajabuajabu, usishtuke. Jenereta nyingi za kubeba nyutro yake haijaungwa na bodi ya chuma, ambako erthi imefungwa.

Soketi ikishakaa sawa, shusha breka zote za ndani, chomeka, kisha pandisha breka kuu na ya konvata tu. Pima kwenye betri: ikipanda hadi 13 na ushee, konvata nzima. Ikibaki 12 na inashuka, ndiyo hiyo imekwenda. Friji yangu ilipona kwa sababu ilikuwa kwenye gesi, na AC (kiyoyozi) ilikuwa imezimwa. Mikrowevu usiifungue kabisa, kapasita yake inatunza umeme wa kuua hata ikiwa imechomolewa.

Tupia hapa namba utakazopata na picha ya nyuma ya soketi, na useme AC ilikuwa imewashwa au la.