Maswali ya wasomaji: Seva yetu inakwama kila wiki. Je, tuhamie mfumo mwingine?

SWALI: Ndugu Mhariri, ofisi yetu ina wafanyakazi kumi na wanne wanaotegemea seva moja inayotumia Windows Server 2012 R2. Humo ndimo zilimo faili zote za pamoja na programu ya uhasibu, na printa zote hupitia humo. Kwa miezi kadhaa sasa seva hiyo imekuwa ikikwama katikati ya saa za kazi, wakati mwingine mara mbili kwa wiki, na dawa pekee tuliyo nayo ni kuizima na kuiwasha upya. Fundi anayetuhudumia anashauri tuachane na Windows na kuhamia Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kwa kuwa anasema ni imara zaidi na haina gharama ya leseni. Mimi si mtaalamu wa kompyuta, lakini mwenye biashara ameniachia uamuzi. Je, ushauri huu ni sahihi? Na tukihama, tuangalie nini ili tusiingie katika tabu kubwa kuliko hii ya sasa?
Msimamizi wa ofisi

JIBU: Ndugu msimamizi, fundi wenu amesema jambo la kweli ambalo huenda lisiondoe tatizo lenu. Seva ya Linux iliyowekwa vizuri hufanya kazi miezi mingi bila kukwama, lakini Windows Server nayo hufanya hivyo hivyo, hata toleo hilo la zamani, mradi mashine iliyo chini yake ni nzima. Seva inayokwama kila wiki kwa kawaida ina sababu mahususi: diski inayokufa polepole, RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) yenye hitilafu, joto lililozidi, umeme usiotulia, au programu moja inayomeza RAM yote mpaka kazi nyingine zinasimama. Mkiweka Linux juu ya mashine ile ile yenye diski mbovu, mtakuwa mmebadilisha mfumo na kubaki na ugonjwa ule ule. Ndiyo maana nawasihi kwamba kabla ya kununua au kufuta chochote, chanzo kitafutwe na kijulikane kwa jina.

Kazi hiyo si ngumu kwa fundi makini. Windows huandika daftari la matukio, na humo kuna namba zinazosema mengi. Tukio namba 41 lenye chanzo kiitwacho Kernel-Power huonyesha kwamba mashine ilizimika au kuanza upya bila kufungwa ipasavyo. Hilo mtalikuta kila mara mlipoizima kwa nguvu, lakini mkilikuta katika saa ambazo hakuna aliyeigusa, uchunguzi uelekee kwenye umeme na kifaa cha kugawa umeme ndani ya mashine. Tukio namba 7 kutoka kwenye diski lina maana kwamba diski ina sehemu iliyoharibika, na namba 153 lina maana kwamba ombi la kusoma au kuandika ilibidi lirudiwe. Matukio ya namna hiyo yakionekana dakika chache kabla ya kila mkwamo, mmeshapata mshukiwa. Diski zenyewe pia hujiwekea taarifa za afya zinazoitwa SMART, na idadi ya sekta zilizohamishwa, yaani sehemu za diski zilizoharibika na kubadilishwa na za akiba, ikiwa inapanda wiki hadi wiki, diski hiyo ibadilishwe bila kusubiri. RAM hupimwa kwa programu kama Memtest86+, ambayo ni vyema iachwe ifanye kazi usiku kucha.

Kuna kipimo kingine chepesi ambacho watu wengi hukiruka. Siku seva itakapokwama tena, msikimbilie kuizima; mtu aende kwanza kwenye seva yenyewe aone kama skrini na kibodi yake vinaitika. Ikiwa seva inafanya kazi vizuri na ni kompyuta za wafanyakazi tu zisizoifikia, basi tatizo liko kwenye swichi ya mtandao, kebo au kadi ya mtandao, na hakuna mfumo wowote mpya utakaolitibu.

Hata hivyo, sikushauri mbaki mlipo. Muda wa kawaida wa msaada wa Windows Server 2012 R2 ulikwisha tarehe 10 Oktoba 2023, na tangu hapo masasisho ya usalama yamekuwa yakipatikana kwa wanaoyalipia tu, tena kwa muda wenye kikomo. Uzito wa jambo hili ulionekana Mei 2017, pale programu hasidi ya WannaCry ilipoenea duniani kwa kupitia udhaifu katika njia ambayo Windows hutumia kushirikisha faili. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka, yaani sasisho la kuziba udhaifu huo, mwezi Machi, miezi miwili kabla, kwa matoleo iliyokuwa bado inayahudumia. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka na wale waliokuwa na matoleo yaliyokwisha muda. Kwa hiyo kuhama mnahama, ila mhame kwa sababu hii, na mkwamo mwutibu kwa njia yake.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Kwa kazi ya kushirikisha faili na printa, Linux inatosha kabisa. Programu inayofanya kompyuta za Windows ziione seva ya Linux kama mwenzao inaitwa Samba. Ilianzishwa na Andrew Tridgell mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tangu toleo la 4.0 lililotoka Desemba 2012 inaweza pia kusimamia majina na nywila za watumiaji wa ofisi nzima kama inavyofanya Windows Server. Chagueni toleo la Linux lenye ahadi ya muda mrefu, kwa mfano Debian, au yale matoleo ya Ubuntu yanayohudumiwa kwa miaka mitano. Neno "bure" nalo lipimwe kwa makini. Mwaka 2020 waliokuwa wamehamia CentOS Linux 8, toleo jingine la Linux lisilo na ada, kwa matumaini ya kuhudumiwa hadi 2029 walitangaziwa kwamba huduma ingekoma mwishoni mwa 2021, na ofisi nyingi zikalazimika kuhama tena kabla hata ya kuzoea. Kutolipa leseni ni nafuu ya kweli, lakini swali la nani analitunza toleo hilo, na kwa utaratibu gani, ni la msingi zaidi.

Kitakachowaamulia, kwa maoni yangu, ni ile programu ya uhasibu. Ulizeni kampuni iliyoitengeneza, kwa maandishi, kama inaunga mkono data yake kuwekwa kwenye seva ya Linux. Programu nyingine huweka hesabu katika hifadhidata kamili kama PostgreSQL, ambayo iko nyumbani kabisa kwenye Linux, au SQL Server, ambayo tangu 2017 nayo ina toleo la Linux. Nyingine huweka kila kitu katika faili moja ambayo watumiaji wote huifungua kwa pamoja kupitia mtandao, kama Microsoft Access inavyofanya, na hizo ndizo za kuogopwa: zinategemea sana jinsi seva inavyofunga sehemu ya faili wakati mtu mmoja anaandika, na mpangilio usio sahihi unaweza kuharibu hesabu za mwezi mzima bila onyo. Kampuni ikisema inakubali Windows peke yake, msishindane nayo. Fundi anaweza kuweka Linux kwenye mashine mpya, kisha akaendesha Windows Server inayohudumiwa ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoigwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi, kwa ajili ya uhasibu tu. Leseni moja mtailipa, lakini mtakuwa na mtu wa kumwita siku hesabu zikigoma.

Kuna mambo madogo ambayo huwaumbua wengi siku ya kwanza baada ya kuhama, nami nayataja kwa sababu hayamo katika maelezo ya mauzo. La kwanza ni jina la seva. Faili za hesabu za Excel zilizounganishwa moja kwa nyingine hubeba ndani yake njia kamili ya seva ya zamani, na seva mpya ikipewa jina tofauti, viungo hivyo vyote hukatika. Ni heri seva mpya ichukue jina lile lile, au jina la zamani lielekezwe kwake. Pili, haki za kufungua folda hazihami zenyewe kwa ukamilifu. Mimi hupendelea ziandikwe upya kwenye karatasi, folda kwa folda, nani asome na nani aandike, maana mara nyingi hugundulika kwamba mtu aliyeondoka zamani bado ana ruhusa ya kuona mishahara. Linux pia hutofautisha herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili. Samba huficha tofauti hiyo kwa watumiaji wa Windows, lakini kazi yoyote inayoendeshwa moja kwa moja ndani ya seva itaiona. Saa nazo zilinganishwe, kwa kuwa utaratibu wa kuthibitisha watumiaji katika mitandao ya aina hii kwa kawaida hukataa kompyuta ambayo saa yake imepishana na ya seva kwa zaidi ya dakika tano, na mfanyakazi ataambiwa hawezi kuingia ilhali nywila yake ni sahihi.

Kuhama kwenyewe kufanyike seva ya zamani ikiwa bado hai. Seva mpya iwekwe pembeni, faili zinakiliwe zote mara moja bila haraka, na wafanyakazi wawili watatu waijaribu kwa kazi halisi kwa wiki kadhaa, wakiwa na nakala ya majaribio ya hesabu. Siku ya kuhama iwe mwisho wa wiki ambao si wa kufunga hesabu. Seva ya zamani ifungwe isiandikike, kisha zinakiliwe faili zilizobadilika tu. Kabla ya kuanza, kubalianeni saa ambayo, ikifika na mambo hayajakaa sawa, mtarudi kwenye seva ya zamani bila mjadala. Nasisitiza hili kwa sababu fundi aliyechoka usiku wa manane huona kila tatizo kama la mwisho, na hivyo ndivyo ofisi hufika Jumatatu asubuhi ikiwa haina seva ya zamani wala mpya. Mashine ya zamani msiifute mpaka ufungaji wa hesabu wa mwezi upite salama kwenye ile mpya.

SWALI: Seva mpya tunayouziwa ina diski mbili zinazoandika kitu kile kile kwa wakati mmoja. Muuzaji anasema kwa hiyo hatuhitaji tena nakala rudufu. Je, ni kweli?
Mwenye duka la vifaa vya ofisi

JIBU: Hapana, na ningekuwa mwangalifu na muuzaji anayesema hivyo. Mpangilio huo, unaoitwa RAID 1, unawalinda dhidi ya jambo moja, yaani kufa kwa diski moja, na unawapa nafasi ya kuendelea na kazi huku ikibadilishwa. Mfanyakazi akifuta folda kwa bahati mbaya, inafutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Programu hasidi ikifunga faili zenu, inazifunga kote. Moto au mwizi hachagui diski. Nakala rudufu ni ile iliyo kwenye kifaa kingine, na angalau moja iwe nje ya jengo, mahali ambapo nywila ya kawaida ya ofisi haiwezi kufika kuifuta. Nunueni hizo diski mbili kwa moyo mweupe, kisha mtenge pia fedha za nakala rudufu na za kifaa cha kuhifadhi umeme kinachoweza kuiamuru seva ijifunge yenyewe kabla betri haijaisha, kwa sababu umeme kukatika ghafla wakati hifadhidata inaandika huharibu data hata kwenye diski nzima.

SWALI: Tumeshauriwa tuachane na seva ya ofisini na kukodi huduma ya wingu, yaani seva za kampuni nyingine zinazofikiwa kwa intaneti, inayoahidi kupatikana kwa asilimia 99.9. Je, ahadi hiyo ina maana gani kwa ofisi ya watu saba?
Mhasibu

JIBU: Asilimia 99.9 kwa mwaka inaruhusu huduma isipatikane kwa takriban saa 8 na dakika 46, na asilimia 99 inaruhusu zaidi ya siku tatu na nusu. Tofauti ya tarakimu moja ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Someni mkataba muone kama matengenezo yaliyopangwa yanahesabiwa, na fidia ni nini, kwani mara nyingi ni punguzo la ada tu wala si thamani ya kazi iliyopotea. Ahadi hiyo pia haihusu intaneti yenu wenyewe. Ofisi ambayo intaneti yake hukatika saa mbili kila wiki itapoteza zaidi ya saa mia moja kwa mwaka hata kama wingu halikuzimika dakika moja, na kwa ofisi ya namna hiyo seva iliyo chumba cha pili bado ndiyo yenye kutegemewa zaidi, labda wingu litumike kwa barua pepe na kwa nakala rudufu.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, kaeni na daftari kwa mwezi mmoja, mwandike kila mara intaneti inapokatika, saa iliyokatika na saa iliyorudi. Ikiwa jumla ni dakika chache, kodini. Ikiwa ni saa nyingi, wekeni kwanza njia ya pili ya intaneti kutoka kwa mtoa huduma mwingine, mhakikishe haitumii kebo ya yule wa kwanza, ndipo mrudi kuzungumza na muuzaji.