Chupa za matone ya macho: kioo au plastiki?

Mkuu, umeuliza kama hospitali yenu, inayotaka kuanza kutengeneza matone ya macho, inunue chupa za kioo au za plastiki. Nimekaa miaka kadhaa kwenye chumba cha dawa tasa, yaani zisizo na vijidudu, mkoani Dodoma. Bei iweke pembeni kwanza. Vijidudu mtaviua kwa njia gani?

Kama mnategemea otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, ya nyuzi 121, zile chupa za LDPE, plastiki laini, zisahau, zitalegea na kupinda. Hizo huuzwa zikiwa tayari tasa, zimepitishwa mionzi ya gama au gesi, nawe unajaza dawa iliyochujwa kwa chujio la mikromita 0.22 ndani ya kabati la hewa safi. Hamna kabati? Basi ni kioo aina ya I, kile kisichoathiriana na dawa, au plastiki ya polipropilini, mradi dawa yenyewe istahimili joto. Ila polipropilini ni ngumu kubonyeza, na wazee wenye presha ya macho, vidole vikiwa vinawauma, wanahangaika nayo mno.

LDPE ina jambo jingine ambalo wauzaji hawakuambii: inapitisha mvuke. Kwa ukame wa huku, maji hupungua taratibu na dawa ikazidi ukali, hasa kwenye kichupa cha ml 5. Sisi tulikuwa tunajaza chupa za sampuli, tunazipima kwenye mizani, tunaziacha stoo ileile yenye joto na kuzipima tena kila wiki. Fanyeni hivyo kabla ya kuagiza mzigo.

Chupa ya kutumia mara nyingi isiyo na kihifadhi (kemikali ya kuzuia vijidudu kwenye dawa) wala vali maalumu ya kuzuia vijidudu kuingia, usithubutu. Mwaka 2023 Marekani iliripoti watu 81 katika majimbo 18 waliopatwa na bakteria sugu wa Pseudomonas, mlipuko uliohusishwa na machozi bandia. Wanne walifariki, 14 walipoteza uwezo wa kuona. Miongoni mwa kasoro ambazo FDA, mamlaka ya dawa ya huko, ilizitaja ni chupa za aina hiyo kukosa kihifadhi cha kutosha. Dawa isiyo na kihifadhi iende kwenye vichupa vya dozi moja.

Vifuniko viwe na pete inayokatika vikifunguliwa, na msichukue vyeupe vyote eti ndivyo vilivyopo. Vyekundu ni vya dawa za kupanua mboni, kama atropini, vya njano ni vya timolol, dawa ya kushusha presha ya macho. Wodini usiku, mwanga hafifu, muuguzi huanza kuangalia rangi, na kuna wagonjwa wa presha ya macho ambao tone la atropini linaweza kuwapandishia presha hiyo ghafla.