Kabla ya kukanda mkate, tazama hewa

Vipimo ni vile vile, bati ni lile lile. Februari, Dar es Salaam, mkate unafurika kabla hujamaliza kuosha vyombo. Julai, Nairobi, umekaa saa mbili haujasogea. Wengi hulaumu hamira. Mara nyingi hamira haina kosa: hewa imebadilika, na mwokaji ametumia maji yale yale.

Tuanze na mkate mmoja wa bati la sentimita 23 kwa 13. Unga wa ngano gramu 500, maji mililita 310, sukari vijiko 2 vya chakula, chumvi kijiko 1 na nusu cha chai, mafuta vijiko 2 vya chakula, hamira ya papo hapo gramu 6, yaani vijiko 2 vya chai vilivyosawazishwa. Soma pakiti ya unga: protini ikiwa gramu 11 au 12 kwa kila gramu 100, unafaa. Ikiwa 9, acha unga huo wa keki, mkate wake utashuka pembeni.

Sasa maji, na hapa ndipo kazi ilipo. Donge likitoka kwenye kukandwa liwe na nyuzijoto 26 hivi. Chukua 78, ambayo ni 26 mara tatu, toa joto la unga, kisha toa joto la chumba. Kinachobaki ndicho joto la maji. Chumba cha Dar chenye nyuzi 31, na unga uliokaa humo humo: 78 toa 31 toa 31, ni 16. Maji ya bomba peke yake hayafiki hapo, kwa hiyo changanya nusu kwa nusu na maji ya friji. Jikoni Nairobi, Julai, nyuzi 18: 78 toa 18 toa 18, ni 42. Sehemu moja ya maji yaliyochemka sasa hivi na mbili za bomba zinakupa karibu na hapo. Changanya maji kwanza, ndipo uyakutanishe na hamira. Ikiguswa na maji ya nyuzi 60 inakufa, na hakuna namna ya kuifufua. Huna kipimajoto? Dondosha maji ndani ya kifundo cha mkono: ya 42 ni vuguvugu ya kupendeza, hayaunguzi. Anayekanda kwa mashine apunguze nyuzi nyingine kama 10, maana msuguano unapasha donge.

Wakati wa joto kali la pwani shusha hamira iwe gramu 4. Hamira nyingi kwenye joto hutoa mkate wenye harufu ya pombe na matundu makubwa chini ya ganda. Nairobi usiiongeze zaidi ya 6, hata kama baridi inakushawishi. Mji uko juu, kanieneo ya hewa ni ndogo, na gesi ikianza kutanuka inatanuka haraka. Bora uweke donge ndani ya oveni iliyozimwa, pembeni mwa sufuria ya maji ya moto, ufunge mlango.

Masika nayo ina lake. Unga uliowekwa wazi hunyonya unyevu, na donge linakuwa la kunata tangu mwanzo. Zuia mililita 30 za maji, kanda dakika 3, kisha ongeza kidogo kidogo ukihitaji. Kuongeza unga ni rahisi, lakini unaharibu uwiano wa chumvi.

Kanda dakika 10 hadi 12. Vuta kipande kati ya vidole: kikitanuka hadi mwanga ukapenya bila kuchanika, tosha. Umukaji wa kwanza ni kama dakika 50 pwani, na saa mbili au zaidi kwenye baridi, lakini usiamini saa. Chovya kidole kwenye unga, bonyeza donge sentimita moja. Shimo likijaa mara moja, bado. Likirudi polepole na kuacha alama, tayari. Lisiporudi kabisa, limepita: likande tena kidogo, liviringe, liumuke upya. Uokoaji huo unafanya kazi mara moja tu.

Donge likiwa tayari, liviringe, liweke ndani ya bati, liumuke mara ya pili hadi lipite jaribio lile lile la kidole. Kisha oka kwa nyuzi 190, dakika 32 hadi 35. Vitabu vingi husema katikati ya mkate ifike 95. Nairobi usisubiri namba hiyo, kwa sababu maji yenyewe yanachemka kwenye 94 hivi. Toa ukifika 92. Bila kipimajoto, gonga chini: usikie sauti ya ngoma tupu. Utoe kwenye bati papo hapo, uweke juu ya wavu, maana mvuke ukinaswa chini unalowesha kitako. Usiukate kabla ya saa moja, utanatana kwenye kisu.

Usihifadhi mkate kwenye friji. Baridi ya friji ndiyo inayoukakamaza upesi zaidi. Pwani wakati wa masika, ambako ukungu hauchelewi, kata slesi, weka freza, toa unazokula.

Na kama mkate huo ni wa mandari, uoke jana yake jioni. Kwa bustani ya miti ya Arboretum au msitu wa Karura, jijini Nairobi, wakati wa mvua ndefu, nenda asubuhi. Mvua ya Nairobi hupenda alasiri na usiku. Funga kwa kitambaa cha pamba au karatasi: tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika misitu na hifadhi za Kenya. Paka siagi slesi zote mbili hadi kingoni, mafuta yanazuia maji. Nyanya beba nzima pamoja na kisu, na chumvi uitie palepale, kwa kuwa chumvi huivuta maji na mkate unalowa ndani ya nusu saa. Yai na kuku visikae nje zaidi ya saa 2, na joto likipita nyuzi 32, saa 1.

Usikae chini kabisa ya matawi. Kima wa Arboretum wanaifahamu karatasi ya mkate kwa mlio wake, na hushuka kutoka juu, si kutoka mbele. Toa slesi moja moja, kikapu kifungwe, na usiwarushie hata ganda. Aliyezoea kupewa mkate leo ndiye anayempora mtoto kesho.